Bibi, Ndoa na Hawara

Watu mtaani wanasema nilimgandisha shemeji yangu kwa makusudi. Hawanijui. Ningekuwa nimekusudia, ningeanza na mdomo. Nilichokusudia asubuhi ile ni kumpasua kichwa kwa chupa, chupa ikaenda njia nyingine, na yaliyofuata yalijipanga yenyewe bila msaada wangu.

Karakana yangu ni vyumba viwili nyuma ya nyumba, kimoja cha kukata na kupaka rangi, kingine cha kuunga. Tunatengeneza modeli za plastiki: meli, ndege, mabasi, mara mojamoja jengo, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara mia, kwa ajili ya ofisi zinazopenda kuweka kitu cha kutazamwa pale mlangoni ndani ya kabati la kioo. Kazi hii niliirithi kwa marehemu mume wangu, na Mungu amrehemu, naiweza kuliko yeye. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa mwisho tunayemwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo shavuni, na mume wa Kidoti, yaani shemeji.

Kazi yenyewe yote iko kwenye gundi. Asiyejua anadhani gundi ni gundi, mradi inanata. Sisi tunazo tatu, na shemeji ndiye aliyezipa majina. Ile nyeupe kama maziwa, inayokauka polepole na ukikosea unaifuta kwa kitambaa kibichi, ni Bibi. Ile nyepesi ya kupaka kwa brashi, ambayo hasa hainati bali inayeyusha plastiki zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja, ni Ndoa. Hiyo ukitaka kuachanisha baadaye, tafuta msumeno. Na supaglu, inayoshika kabla hujashusha pumzi lakini ikigongwa kidogo inaachia, ni Hawara. Mteja akitukuta tunabishana kama bomba la meli linataka Ndoa au Hawara alikuwa anatafuta pa kuweka macho. Miaka ya mwanzo tulicheka sana kwa hayo majina.

Hawara ana tabia mbili mbaya ambazo kila fundi hujifunza kwa maumivu. Akikaribia plastiki angavu hutoa mvuke usioonekana, na mvuke ule huacha ukungu mweupe usiofutika. Ndiyo maana madirisha siku zote ni ya Bibi. Halafu akimwagikia nguo ya pamba anapata moto hapo hapo, moto wa kubabua ngozi, pamoja na moshi wa kutoa machozi.

Sasa huyo shemeji. Alikuwa na mikono ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anaweza kushika ngazi ya meli nyembamba kama uzi kwa kibano, akashusha pumzi, akaipachika mahali pake bila kugusa pembeni. Akirudi nyumbani, mikono hiyo hiyo ilimvunja Kidoti jino mwaka wa pili wa ndoa, mkono mwaka wa tatu, na mwaka wa nne ilimkaba koo mpaka akazimia jikoni, akaamshwa na maji ya sufuria. Alipokabwa ndipo nilipoelewa kwamba safari nyingine hataamka. Chumba kitupu ninacho nyumbani kwangu, kitanda kimetandikwa, na yeye anajua. Alikuwa hatoki.

Alikuwa hatoki kwa sababu ya neno moja. Kila ukimuuliza alikuwa anakujibu kwamba mume wake si mtu mbaya, ila hasira zikimpanda hajijui. Hajijui. Ni kama anapandwa na kitu, ndivyo alivyonieleza, halafu kinamshuka na yeye mwenyewe anashangaa alichokifanya, analia, anampaka dawa. Mjomba wetu alipoitwa kusuluhisha alikunywa chai vikombe viwili akasema neno lile lile, kwamba mwanaume akikasirika hajijui, kwa hiyo mke aangalie asimkasirishe. Nilimwambia Mjomba kwamba mimi nami nikikasirika sijijui, nikamwaga chai iliyobaki mlangoni. Tangu siku hiyo hatusalimiani vizuri.

Lakini mnafiki mkubwa nilikuwa mimi. Niligombana na shemeji, nilimtukana, mara moja nilimpiga na ubao mgongoni mbele ya wateja. Kumfukuza kazi sikumfukuza. Nilikuwa naihitaji ile mikono.

Mwezi ule tulikuwa na meli ya abiria, urefu wake mita moja na nusu, ya kampuni moja ya usafiri iliyotaka kuiweka kwenye ukumbi wake siku ya Jumamosi. Wiki sita tulikuwa tumeilalia na kuiamkia. Shemeji aliipenda meli ile kwa namna ya kutia aibu. Aliipangusa vumbi kwa brashi ya rangi ya maji, akaongea nayo, akatukataza kufunga mlango kwa nguvu. Ilibaki kazi ya madirisha, zaidi ya mia mbili, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Madirisha ni kazi ya Kidoti. Ana subira kutuzidi wote.

Jumanne shemeji alimpiga kwa sababu ya kola ya shati. Haikunyooka vizuri. Jumatano Kidoti alikuja kazini jicho la kulia limefumba kabisa, la kushoto linatoa machozi mfululizo, na pua imeziba kwa damu iliyoganda. Alivaa mtandio mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye benchi lake, akaanza madirisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nikiunga mashua za kuokolea. Sikumtazama. Niseme ukweli, niliona haya, kwa sababu kumtazama kungenilazimu nifanye kitu, na mashua zilikuwa bado kumi na nne.

Chupa zetu ndogo za kutonea zinafanana, tofauti ni kifuniko. Cha Bibi ni cheupe, cha Hawara ni cha njano iliyopauka. Mtu mwenye macho mawili hakosei. Mwenye pua nzima hakosei hata gizani, maana Hawara ananuka ukali wa kuchoma, na Bibi hanuki. Kidoti siku ile hakuwa na macho wala pua. Alitonesha kwa ncha ya sindano, akapachika madirisha ya sitaha yote ya tatu, yaani ghorofa ya tatu ya meli, upande mzima, halafu jioni shemeji mwenyewe akaifunika meli kwa boksi ili isipate vumbi, tukaenda nyumbani. Ndani ya boksi mvuke haukuwa na pa kutokea.

Alhamisi asubuhi, saa nne kasoro, shemeji aliinua boksi.

Sitaha ya tatu yote ilikuwa imepata mtoto wa jicho. Dirisha moja baada ya jingine, jeupe, limekufa, kuanzia mbele mpaka nyuma. Shemeji aliinama, akapitisha uso wake pembeni mwa meli taratibu, kama anayemhesabia mgonjwa mbavu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini ni gundi gani iliyotumika hapa.

Kidoti akasema Bibi.

Akamwambia amletee. Kidoti akaenda kwenye benchi lake, akarudi na chupa mkononi akiitazama, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika kabla hajafika. Kifuniko kilikuwa cha njano. Shemeji aliipokea, akaisoma ile rangi, akacheka kidogo. Kisha akachukua rula ya chuma iliyokuwa mezani, akampiga nayo mdomoni.

Ilikuwa kwa bapa, si kwa ukingo. Nakumbuka niliona hilo hata katika kuruka kwangu. Damu ilitoka papo hapo, ikaruka mpaka kwenye msasa uliokuwa ukutani. Akampiga tena, sikioni, na mara ya tatu kwenye kiwiko alichokiinua kujikinga, na kiwiko kikalia. Nilikuwa nimeshamfikia. Tuna pasi kuukuu ya chuma tunayoitumia kukandamizia vipande vinapokauka. Nilimpiga nayo kwenye bega kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Aligeuka, akanipiga teke la tumbo, nikaenda na droo mbili za skrubu mpaka sakafuni. Pumzi ilinitoka yote. Kutoka pale chini, mdomo ukiwa umejaa chumvi ya damu yangu mwenyewe, nilimwona akiitupa rula, akimbana mdogo wangu ubavuni mwa meza, na kumzungushia shingoni mikono yote miwili.

Shemeji hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alibana kimyakimya, meno yameuma mdomo wa chini, mishipa ya shingo imemsimama. Kidoti alimkwaruza uso, halafu mikono yake ikalegea, ikaanza kupapasa hewani. Miguu iliteleza. Kisigino kimoja kilikuwa kinagonga mguu wa meza, ko, ko, ko, na kila kikigonga kilikuwa kinapunguza nguvu.

Juu ya kabati fupi, karibu na kichwa changu, kulikuwa na chupa kubwa ya Hawara, ile ya kujazia chupa ndogo, nusu lita, imefunguliwa kifuniko asubuhi hiyo hiyo. Niliinyakua nikairusha kichwani kwake. Ilimkosa. Iligonga nguzo juu ya meza, ikapinduka, ikamwagika yote: kwenye ukingo wa sitaha, ubavuni mwa meli, na kwenye mkono wa shati lake la pamba kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo.

Wakati huo huo mguu wa meza uliokuwa unagongwa ulikubali kutoka. Meza iliinama upande wao. Meli ikaanza kuteleza.

Niseme nilichokifanya mimi. Mdogo wangu alikuwa anakufa hatua tatu kutoka nilipo, na macho yangu yalikwenda kwenye meli. Kwa kufumba na kufumbua tu, lakini yalikwenda. Mungu anisamehe.

Shemeji alimwachia Kidoti. Mikono yote miwili kwa mpigo. Alijipinda kiuno, akasukuma paja chini ya meza ili isiendelee kuanguka, mkono wa kulia akaudaka mlingoti, na kiganja cha kushoto akakibandika wazi kwenye ubavu wa meli, hapo hapo Hawara alipokuwa anatiririka. Meli ilisimama nusu yake ikiwa nje ya meza. Kidoti alianguka sakafuni akavuta pumzi kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

Ndipo shati likaanza kutoa moshi.

Mkono wote wa shati ulifuka. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumba, macho yakatuwasha. Mtu yeyote angeruka, angejirusha, angelipasua shati kwa meno. Shemeji hakutikisika. Nilimwona anafumba macho, anavuta pumzi kwa pua, anaitoa polepole kama anapopachika ngazi. Jasho lilimdondoka kidevuni. Ngozi ilikuwa inababuka chini ya kitambaa, na kiganja chake kikabaki palepale, kimetulia, vidole vimetanuka katikati ya mashua zangu za kuokolea. Moshi ulipopungua, Hawara alikuwa ameshashika. Kiganja na meli vilikuwa kitu kimoja.

"Sikilizeni," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Maji ya uvuguvugu na sabuni. Kitambaa laini. Mwanzie kidole gumba, mje taratibu. Saa moja tu kitaachia. Msivute."

Nilikuwa nimeshamfikia Kidoti, nimemwegemeza kifuani, shingo yake ina alama kumi za vidole, nyekundu, zinavimba tukiziangalia. Nilimwambia tuondoke. Hakunisikia. Alikuwa anamtazama mumewe kwa lile jicho lake moja, namna alivyokuwa akitazama kitu kidogo kabla ya kukishika kwa kibano. Akasimama kwa kushikilia bega langu. Akatembea mpaka kwenye rafu, akachukua chupa ya asetoni, ile ile ambayo wanawake hutolea rangi ya kucha, maana ndiyo inayommaliza Hawara kwa dakika mbili.

Shemeji alipoiona aliingiwa na hofu kwa mara ya kwanza. "Hiyo hapana. Itaiyeyusha meli, wewe unajua. Taratibu, mke wangu. Taratibu."

Kidoti alisimama mbele yake. Damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni na hakuifuta.

"Umekasirika?" akamuuliza. Sauti yake haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo.

"Unauliza nini?"

"Nauliza kama umekasirika."

"Mkono huu ukitoka hapa nitawaua wote wawili," shemeji akasema, kwa upole kabisa, ili kifua chake kisiisukume meli. "Sasa leta maji."

Kidoti alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa kitu akakielewa. Alifungua kifuniko cha asetoni, akaiweka chupa mezani karibu na mkono wa kulia wa mumewe, mahali ambapo angeachia mlingoti tu angeifikia. Akamwambia akitaka kutoka, hiyo hapo. Kisha akanishika mkono, tukatoka. Mlango tuliuacha wazi.

Nyumba yao ni mitaa miwili kutoka kwangu. Nilidhani atalia njiani, hakulia. Nilidhani atasimama kwenye kizingiti aanze kuzungukazunguka kama zamani, nilishaliona hilo mara tatu. Alikunja nguo zake zote, akatoa vyeti vyake chini ya godoro, akavua pete akaiweka juu ya pasi. Kwa kila kitu alichokikunja nilisubiri aniambie kwamba hasira zilimpanda tu. Nilijiandaa kabisa kwa maneno ya kumjibu, makali, nimeyapanga. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Tulipeleka mizigo kwangu kwa mlango wa mbele, tukaenda zahanati akashonwa mdomo, kisha tukaenda kituo cha polisi. Askari wawili walirudi nasi karakana. Ilikuwa saa saba imepita.

Alikuwa bado amesimama. Paja chini ya meza, mkono kwenye mlingoti, kiganja ubavuni. Miguu ilikuwa inamtetemeka, suruali imelowa kwa mbele kwa sababu hakuwa na namna, na mkono ule ulioungua ulikuwa umevimba, kitambaa kimezama kwenye nyama. Chupa ya asetoni ilikuwa palepale, imepungua kidogo kwa kukauka tu. Zaidi ya saa tatu hakuigusa. Nilizunguka upande wa pili nikaikagua meli, maana fundi ni fundi. Mbali na ule ukungu na Hawara aliyemwagika, hakuna kilichovunjika, hata ngazi moja.

Askari mwanaume aliuliza tatizo ni nini, akaisoma chupa, akamwagia kiganja chote bila kungoja ruhusa. Ubavu wa meli ulilainika kama mshumaa, sitaha ya tatu ikalala juu ya sitaha ya pili, mashua zikashuka zikageuka uji. Shemeji akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msibani, akisema niueni lakini msiiharibu. Nimemfahamu miaka minane na sikuwahi kumsikia akilia hivyo. Sikumhurumia hata chembe. Nililia mimi pia, wiki sita si mchezo, lakini nililia huku nafsi yangu imetulia.

Kituoni maelezo ya Kidoti aliyachukua askari mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa mpira nyuma. Tayari alikuwa amemhoji shemeji chumba cha pili. Aliandika kola, rula, gundi, akauliza gundi ya aina gani, tukamweleza, akatutazama juu ya miwani alipofika kwenye majina. Halafu akaweka kalamu chini. Alisema mume ameungama kupiga, ila anasema hasira zilimpanda akawa hajijui, na kwamba karatasi hiyo ikifika mbele ya hakimu, neno hilo litaulizwa. Akamtaka Kidoti afikiri vizuri kabla hajajibu.

"Alipokuwa amekukaba, alikuwa anajua anachokifanya?"

"Alikuwa anajua," Kidoti akasema.

"Wewe umejuaje?"

"Aliniachia ili aidake meli."